Diski ya mtandao ya chuo inafunguka kwenye kompyuta zao tu, halafu lawama tunabebeshwa sisi

Wakuu, habari zenu. Naandika nikiwa na hasira na sitaificha.

Chuo kinampa kila mwanafunzi nafasi yake ya kuhifadhi mafaili kwenye seva. Ukiingia kwenye kompyuta ya maabara unaikuta diski H imeshaunganishwa, folda zako zote zimo. Tulipoanza masomo tuliagizwa kabisa: kazi zote ziwekwe humo, flashi zinapotea na zinabeba virusi, na chochote utakachoacha kwenye kompyuta ya maabara yenyewe kitafutwa. Tukaahidiwa kwamba mafaili tutayapata kutoka kompyuta yoyote ile. Nikaweka humo tasnifu, data za utafiti, michoro, kila kitu. Ahadi ile haijatimizwa, na wanaoumia ni wale waliofuata maagizo.

Anza na mtu anayetaka kufungua mafaili yake akiwa nje ya chuo. Seva inazungumza kwa SMB, lugha ya kompyuta ya kushirikishana mafaili, kupitia mlango wa mtandao namba 445. Kampuni nyingi za intaneti huufunga mlango huo, na zina sababu: kirusi cha WannaCry cha Mei 2017 kilisambaa dunia nzima kwa kutumia udhaifu uliokuwa kwenye SMB toleo la kwanza. Sina ugomvi na hilo. Chuo hakitakiwi kuiacha seva wazi kwa kila mtu, ndiyo maana lazima uingie kwanza kwenye VPN ya chuo, yaani njia salama ya kuingia mtandao wa chuo ukiwa nje, ndipo uunganishe diski. Sasa fungueni ukurasa wao wa maelekezo mtafute neno VPN. Halimo. Unaambiwa uandike anwani ya seva, basi. Unaandika, kompyuta inahangaika weee, mwisho inakuambia njia ya mtandao haijapatikana. Mwanafunzi anaanza kudhani laptopu yake ni mbovu. Akipiga dawati la msaada anaambiwa, "Jaribu ukiwa maabara." Maabara zinafungwa usiku!

Hata ukiwa na VPN kuna kitu kingine hawakisemi. Kompyuta ya maabara inajua tayari kwamba wewe ni mtu wa chuo. Laptopu yako haijui, kwa hiyo jina la mtumiaji lazima litanguliwe na jina la kikoa cha chuo (jina la mtandao wake wa akaunti) na mkwaju wa nyuma (\). Ukiandika jina tupu, mara nyingi unakataliwa hata kama nywila ni sahihi kabisa. Ni mstari mmoja tu wa maelezo. Wenye Mac ndio wametupwa kabisa, wakati wanachohitaji ni kufungua Finder, programu yao ya mafaili, kubonyeza Command na K, kuandika smb:// na jina la seva. Wa Linux nao anwani ni hiyohiyo, wanaiandika kwenye programu ya kuangalia mafaili. Picha zilizo kwenye maelekezo ni za Windows 7, ambayo Microsoft iliacha kuihudumia Januari 2020. Kitengo kizima cha TEHAMA kimeshindwa kuongeza aya mbili.

Lakini kilichonifanya nifungue uzi huu ni kufungiwa akaunti.

Chuo kinatulazimisha kubadili nywila kila baada ya muda fulani. Unabadili kwenye kompyuta ya maabara, mambo yanakwenda vizuri. Laptopu yako, ambayo uliiunganisha na diski H ukaiambia iikumbuke nywila, bado inaitumia ile ya zamani. Ukiiwasha na kuingia VPN, inajaribu kuunganisha yenyewe, inakataliwa, inajaribu tena. Seva inahesabu makosa hayo kana kwamba kuna mtu anabahatisha nywila yako, na akaunti inafungwa. Hapo hukosi mafaili peke yake. Barua pepe imekwenda, mfumo wa kujiandikisha masomo umekwenda, hata kompyuta ya maabara haikuruhusu, kwa sababu vyote vinatumia akaunti moja.

Nikaenda dawatini. Jibu: "Umekosea nywila mara nyingi, uwe makini." Wakaifungua, ikafungwa tena siku ileile. Nikarudi, nikaambiwa yaleyale, na safari hii kwa sauti ya kumkaripia mtoto. Hakuna aliyeniuliza kama nina kompyuta nyingine iliyounganishwa. Hakuna aliyeangalia kumbukumbu za seva, ambazo zipo kwa kazi hiyo: kwenye seva za Windows, akaunti ikifungwa huandikwa tukio namba 4740, na ndani yake kuna jina la kompyuta ambako majaribio yametokea. Fundi akiamua kuangalia anakupa jibu palepale: ni laptopu yako, futa nywila ya zamani iliyohifadhiwa. Badala yake tunapigwa danadana na kuitwa wazembe.

Na hiyo kanuni yenyewe ya kubadili nywila kila mara imeshapitwa na wakati. NIST, taasisi ya viwango ya Marekani, ilishatoa mwongozo mwaka 2017 kwamba watu wasilazimishwe kubadili nywila kwa kalenda tu, bali pale panapokuwa na dalili kwamba imevuja. Chuo kinachofundisha usalama wa mitandao darasani kinapaswa kulijua hilo.

Mgao wa nafasi nao. Tunaambiwa diski imejaa, hatuambiwi imejazwa na nini. Unaweza kuhamisha mafaili yako makubwa yote na bado ikasema imejaa, kwa sababu kuna folda iliyofichwa, AppData, ambayo inabeba mipangilio yako ya programu kutoka kompyuta moja ya maabara hadi nyingine, na kwenye mfumo wetu inahesabiwa kwenye mgao uleule. Wewe hukuiweka, huioni, na hakuna aliyekuambia ipo. Halafu siku ya mwisho ya kukabidhi kazi Word inagoma kuhifadhi.

Kuna na hili linalonikera mpaka leo. Ukifuta faili kwenye diski ya mtandao kwa Windows, kwa kawaida haliendi kwenye pipa la taka, linaondoka moja kwa moja. Mwenzangu alipoteza sura nzima ya tasnifu yake namna hiyo. Dawati likamwambia haiwezekani kulirudisha. Baadaye sana fundi mwingine akamweleza kwamba seva inachukua nakala, na kwamba angebonyeza folda kwa kitufe cha kulia cha kipanya angekuta kichupo cha matoleo ya awali, akalirudisha mwenyewe. Wakati huo ilikuwa haisaidii tena. Nakala hizo za Windows haziwezi kuzidi 64 kwa diski moja, mpya zikiingia za zamani zinafutwa. Kwa hiyo angeelezwa siku ileile, sura yake ingekuwepo. Nilimwona akiiandika upya. Mtu aliyempa jibu lile la kwanza bado yuko dawatini anajibu wengine.

Sidai mfumo mpya wala fedha nyingi. Nadai ukurasa wa maelekezo uandikwe upya, uanze na VPN, uwe na Windows, Mac na Linux. Nadai dawati liangalie kumbukumbu kabla ya kumlaumu mtu, na tuonyeshwe ni folda gani inakula mgao wetu. Habari za matoleo ya awali ziandikwe kwa herufi kubwa, zibandikwe hata kwenye kuta za maabara.

Kwa sasa, mlio kwenye hali kama yangu: kabla ya kubadili nywila, kateni muunganisho wa diski kwenye kila kompyuta mliyowahi kuiunganisha, na kwenye Windows fungueni sehemu inayotunza nywila mfute ya seva ya chuo. Mac inaitunza kwenye Keychain, ifuteni huko. Msisahau simu ikiwa mmeweka barua pepe ya chuo, nayo inaweza kufungisha akaunti vilevile.

Barua ya malalamiko kwa mkuu wa kitengo nimeshaianza. Kama mmefungiwa akaunti au mmepoteza mafaili, andikeni hapa chini ilikuwaje na mlijibiwa nini dawatini. Nataka niiambatanishe na visa vyenu, maana kisa kimoja watasema ni uzembe wa mtu mmoja.