Kaka anataka kumpa baba ini, ila lina mafuta

Wakuu, baba ana sirosisi (ini limejaa makovu) iliyotokana na homa ya ini B, tunampeleka Chennai, India, kupandikizwa ini. Damu ya kaka imeoana na yake, ila altrasaundi inaonyesha ini lina mafuta. Ndiyo basi?

— Siyo basi. Mimi nilimpa mama, na walinikuta nayo. Nikaacha chipsi na soda, nikatembea kila jioni, wakapima upya wakakubali. Mafuta yakizidi, kipande cha ini anachopewa mgonjwa kinaweza kugoma kufanya kazi.

— Baba asiache dawa za virusi hata baada ya upasuaji. Virusi hurudi kwenye ini jipya.

— Kweli. Na takrolimasi, dawa ya kuzuia mwili kukataa ini jipya, ni kwa saa: alamu ya mama hulia hata msibani, anameza. Balungi marufuku, linapandisha dawa kwenye damu. Ulizieni mapema maabara ya kupima kiwango chake huku nyumbani.