Injini za F-35: nani huamua zikafanyiwe wapi matengenezo makubwa?

Msomaji wa Anga
Wakuu, naomba kueleweshwa. Mwezi Desemba 2014 Marekani ilitangaza kwamba injini za F135, zinazoziendesha ndege za kivita za F-35, zitafanyiwa matengenezo makubwa barani Ulaya kwanza nchini Uturuki, na miaka miwili au mitatu baadaye Norwei na Uholanzi. Kwa upande wa Pasifiki zilitajwa Australia na, baada yake, Japani. Marekani yenyewe inayo karakana ya kazi hiyohiyo katika kambi ya Tinker, jimboni Oklahoma. Kwa nini kazi yote isibaki Tinker, ambako mafundi wamekwisha kuizoea, badala ya kununua vifaa vilevile mara tano zaidi? Je, uamuzi kama huu huongozwa na hesabu za wahandisi au za wanadiplomasia?

Fundi Turbini
Ndugu, tuanze na injini yenyewe. F135 imeundwa kwa moduli, yaani sehemu kubwa ambazo kila moja huchomolewa peke yake, kwa hiyo si lazima isafirishwe nzima kila inapopata hitilafu. Mafundi wa kikosi huitoa ndani ya ndege, huifungua ikiwa juu ya stendi, huchomoa moduli yenye kasoro na kufunga nyingine iliyo nzima. Ile mbovu huingizwa kwenye kontena na kupelekwa karakana kuu. Moduli inayosumbua zaidi ni ile yenye kompresa (inayogandamiza hewa), chumba cha kuchomea mafuta na turbini (magurudumu ya mapanga yanayozungushwa na gesi ya moto), kwa kuwa inabeba joto kali.

Kilicho ghali katika karakana kuu si jengo. Baada ya matengenezo makubwa injini hufungwa katika chumba maalumu cha majaribio, ikawashwa na kupandishwa hadi nguvu ya juu kabisa huku mtetemo, joto na msukumo wake vikipimwa. Chumba hicho lazima kihimili msukumo wa takriban ratili 43,000, na wanaokiendesha hawapatikani kwa kozi ya wiki chache. Kwa hoja hiyo peke yake ningekuunga mkono kwamba kazi ikusanywe mahali pamoja.

Lakini tazama yaliyotokea Tinker. Mwaka 2020 kukarabati moduli moja ya aina hiyo ya kompresa na turbini kulichukua kwa wastani zaidi ya siku 200, ilhali lengo lilikuwa siku 122. Utando unaozuia joto kwenye mapanga ya turbini ulianza kupasuka mapema kuliko ilivyotarajiwa, moduli zikamiminika kwa wingi, karakana ikazidiwa, na ndege ambazo hazikuwa na kasoro nyingine yoyote zikakaa chini kwa kukosa injini. Karakana za nje zilipaswa kupunguza msongamano wa aina hiyo, ila nazo zilihitaji muda kabla ya kufikia uwezo kamili.

Mzee wa Mikataba
Nakubaliana na Fundi kuhusu joto na mapanga, ila naona amewapa wahandisi sauti kubwa kuliko waliyo nayo. Hata ndani ya Marekani kwenyewe mahali pa kazi hupangwa na sheria: fedha zinazoweza kulipwa makampuni binafsi kwa matengenezo makubwa haziruhusiwi kuvuka asilimia 50 ya fedha zote za kazi hiyo katika kila tawi la jeshi kwa mwaka, na sheria nyingine inaitaka serikali ibaki na uwezo wake yenyewe wa kutengeneza silaha muhimu. Hii ndiyo sababu Tinker ni ya jeshi, ingawa mtengenezaji wa injini, Pratt & Whitney, anashirikiana nalo humo.

Kwa washirika wa nje, Uturuki ni mfano ulio wazi. Ilikuwa ya kwanza katika orodha ya Ulaya, na viwanda vyake vilitengeneza mamia ya vipuri vya ndege hiyo. Mwezi Julai 2019, baada ya kupokea mitambo ya S-400 ya makombora ya kutungua ndege kutoka Urusi, ikaondolewa katika mpango mzima. Hakuna aliyesema mafundi wake hawajui kazi. Norwei na Uholanzi, zilizokuwa nyuma yake kwenye foleni, zikajikuta mbele.

Msomaji wa Anga
Nashukuru, Mzee. Basi kwa nini Uholanzi au Norwei iingie gharama, ikiwa ndege zake ni chache?

Mzee wa Mikataba
Kwa sababu karakana haihudumii ndege za mwenyeji peke yake. Vipuri na moduli za F-35 huwekwa katika akiba ya pamoja, hivyo moduli iliyotoka kwenye ndege ya nchi moja huweza kutengenezwa na kurudi kufungwa kwenye ndege ya nchi nyingine. Mwenyeji hupata kazi kwa miaka mingi, na ujuzi hubaki kwa mafundi wake. Asichopata ni haki ya kusema kwamba moduli zake zitangulie.

Fundi Turbini
Hilo la mwisho ndilo ningelitazama kabla ya kusaini. Wakati wa amani foleni huenda kwa utaratibu. Vita ikizuka, kila jeshi litataka injini wiki hiyohiyo, na mwenye akiba ya pamoja ni Marekani.