Naomba ushauri: sanamu ya zimwi ya mwaka 1985, nibandue rangi yote au niokoe iliyo chini?

Mleta mada (Moshi)
Habari zenu, ndugu zangu. Mwezi uliopita, nikichambua sanduku la vitu vya watoto katika soko la mitumba la Kiboriloni, nilikuta sanamu ya metali isiyozidi urefu wa kidole gumba: zimwi aliyeshika rungu na ngao, mzito kuliko anavyoonekana. Nilipomchomoa kwenye kitako chake cha plastiki, nilisoma chini ya miguu neno Citadel na mwaka 1985. Hao ni watengenezaji wa Uingereza waliofinyanga askari na viumbe wa hadithi kwa ajili ya michezo ya vita ya mezani.

Kinachonisumbua ni kwamba mtu amempaka rangi nyekundu ya mafuta, kama ile ya kupakia madirisha, nene kiasi kwamba hata meno hayaonekani. Begani, hata hivyo, kipande kimebanduka, na chini yake kuna kijani kilichotiwa vivuli kwa uangalifu mkubwa, kila mkunjo wa ngozi ukiwa na mstari wake. Aliyempaka mara ya kwanza alikuwa fundi kweli, na ninaona uchungu kuifuta kazi yake. Pia mkono wa rungu umekatika, na nyayoni pametokea unga mweupe. Nianzie wapi?

Mwalimu wa Kemia (Arusha)
Anzia kwenye unga, tafadhali, wala usiupulize. Sanamu za wakati ule zilikuwa na risasi ndani yake, yaani ile metali nzito (lead). Watengenezaji hao waliiacha mwaka 1997. Risasi inapokaa karibu na mvuke wa asidi, hasa ile itokayo kwenye mbao na maboksi ya karatasi, huliwa polepole na kugeuka unga ambao ni sumu. Vaa glovu, usugue kwa mswaki laini uliolowa ili vumbi lisiruke, kisha ukaushe mara moja. Usipige msasa mkavu. Wapo watakaokuambia utumie siki: usithubutu, kwa sababu siki ndiyo asidi yenyewe, na hutengeneza chumvi ya risasi inayoyeyuka kwenye maji. Mswaki huo usirudi bafuni, na watoto wasiguse kitu mpaka umalize.

Brashi Nyembamba (Arusha)
Mkuu, hongera kwa kupata kitu adimu. Kuhusu rangi, nitakuambia ukweli hata kama hautakufurahisha. Asitoni au tina itaondoa ile nyekundu, lakini haitachagua. Kama kijani cha chini ni rangi ya maji, kitaondoka kabla ya nyekundu haijalainika vizuri. Jaribu kwanza njia kavu. Rangi iliyopakwa juu ya nyingine bila kusafishwa mara nyingi haishiki sawasawa, na kwa kuwa begani imeshabanduka yenyewe, huenda hata yako haikushika. Chonga kijiti cha mwanzi, uanze kwenye ukingo wa pale palipobanduka, unyanyue kidogo kidogo chini ya taa kali. Kisu hapana, maana metali hiyo ni laini na kovu lake halifutiki. Piga picha kila hatua, ili ukishindwa uwe na mfano wa kufuata utakapopaka upya.

Mkono usiuchomelee, kwa kuwa aloi hii huyeyuka kwa joto dogo. Toboa tundu la milimita moja pande zote mbili, uingize kipande cha waya, kisha gundi.

Mleta mada
Nawashukuru sana. Unga nimeuondoa kama Mwalimu alivyoelekeza. Kwa kijiti nimefanya kazi jioni tatu, na bega lote pamoja na nusu ya uso vimefunguka. Jicho moja lina nukta nyeupe ndogo kuliko punje ya ulezi. Ila kwenye ngao, nyekundu imeng'ang'ania kabisa.

Brashi Nyembamba (Arusha)
Hapo basi bandua ngao peke yake, kwa pamba iliyochovywa asitoni kidogo sana, dirisha likiwa wazi na jiko likiwa mbali, nawe uipake upya kwa kufuata kijani cha bega. Uso usiuguse tena.

Mwalimu wa Kemia (Arusha)
Na ukimaliza, mpake vanishi isiyong'aa, kisha mweke kwenye chupa ya kioo, si kwenye kabati la mbao.