Roli ya tishu mezani: mgeni kaiondoa, nifanyeje?

Mama wa Makole

Habari za jioni wana jamvi. Naombeni mawazo yenu, maana hili jambo limenikaa rohoni.

Nina mgahawa hapa Makole, Dodoma mjini. Chakula chetu ni cha nyumbani: ugali wa uwele na wa dona, mlenda, kuku wa kienyeji kutoka Singida, mbuzi wa kuchoma, na wali kwa wasiotaka ugali. Mchana wanajaa watu wa maofisini, mafundi na madereva. Kila meza ina chumvi, pilipili, vijiti vya meno na roli ya tishu. Ndivyo ilivyo migahawa yote ninayoijua, kuanzia hapa mpaka Manyoni, na sijawahi kusikia mteja akiilalamikia.

Juzi walikuja mume na mke kutoka Uholanzi, wameletwa na kijana wa mtaani kwetu anayefanya nao kazi. Walinawa, wakakaa. Yule mama alipoiona roli aliinuka taratibu, akaichukua, akaiweka dirishani nyuma ya pazia, akarudi kukaa bila kusema neno. Chakula walikula vizuri sana. Mlenda waliula kwa mkono, na wote mnajua mlenda unavyong'ang'ania vidole. Walipomaliza, mama yule akajifuta kwa kitambaa chake cha mfukoni.

Baadaye kijana ndiye aliyenieleza. Kwao ile ni karatasi ya chooni, haikai mezani, na mtu akiiona mbele ya chakula hamu inamwisha. "Hakukudharau mama," akaniambia, "alidhani mtu ameisahau pale, akakusaidia kuificha."

Sikukasirika hata kidogo. Kilichoniuma ni kwamba mgeni alikaa mezani kwangu na kitu kinachomnyima raha, na mimi sina habari. Nimelelewa Mvumi. Kwa bibi yangu mgeni hakugusa chakula kabla mtoto hajamletea jagi na beseni, akainama, akammwagia maji mikononi. Kumnawisha mgeni ndiko kumkaribisha. Karatasi ilikuja baadaye sana, na ilikuja kama nyongeza ya ukarimu ule ule: umeshanawa, basi usitoke hapa mikono inachuruzika. Ndiyo maana roli kwangu ni kitu kisafi, cheupe, ninachomnunulia mgeni kwa fedha yangu. Kwake yeye ni kitu cha msalani.

Sasa nifanyeje? Niondoe roli zote niweke sevieti? Wateja wangu wa kila siku wataona nimewabana, maana mtu aliyekula mbavu za mbuzi kwa mikono sevieti moja haimtoshi. Na ninyi mliokaa nchi za watu, huko mezani wanaweka nini? Msinijibu kwa kuwasema Wazungu, nataka kujua kweli.

Mrangi wa Kondoa

Shikamoo mama. Mimi nasema usiondoe.

Kwetu Kondoa, na nyumba nyingi za Waislamu utakazoingia, chooni kuna kopo la maji. Karatasi haina kazi kule. Nimekua nikiiona roli kwenye kabati la vioo sebuleni, pamoja na glasi na sahani za wageni. Mama alikuwa akiitoa siku ya Idi au akija mtu mkubwa. Anakata vipande, anavikunja pembetatu, anavipanga ndani ya glasi mpaka vinatokeza juu, na sisi watoto tulikatazwa kuvichezea. Nilipokuja kuanza kazi Dodoma mjini nikaikuta imetundikwa chooni, na aliyeshangaa siku hiyo ni mimi!

Mtu aliyezoea maji tangu utotoni hawezi kuifikiria karatasi ile kuwa chafu. Aliyezoea karatasi ndiye inayomkumbusha kule. Kwa hiyo mgeni wako tumwelewe, lakini na yeye yuko Dodoma, anaweza kuelezwa. Kijana aliyewaleta angesema maneno mawili tu tangu mwanzo, mambo yangeisha.

Mhudumu Area D

Samahani kaka wa Kondoa, mimi nakataa, na sababu yangu haihusiani na Wazungu.

Nimehudumu migahawa zaidi ya mmoja hapa mjini. Shida ya roli ya mezani ni safari zake. Mteja anakwenda msalani, anakuta hakuna karatasi, anarudi mezani anabeba ile ya chakula, anakwenda nayo. Akimaliza anairudisha pale pale karibu na pilipili. Nimeiona kwa macho yangu, tena zaidi ya mara moja. Meza inayofuata inahamishiwa roli hiyo hiyo, mtoto anafutwa nayo mdomo. Nani atajua ipi ilikwenda na ipi haikwenda?

Kila anayekuja anaishika yote, anaizungusha kwa mkono wenye mchuzi kutafuta ncha. Ikibaki nusu inakuwa na alama za vidole vya watu kumi. Yule mama wa Uholanzi hakuyajua haya, aliondoa kwa mazoea ya kwao. Lakini mimi ninayeyajua ningeondoa pia.

Mama wa Makole

Mwanangu wa Area D, asante kwa kusema ukweli. Hilo la safari ninalifahamu. Kuna dereva niliyemwona akiinuka na roli, nikamfuata nikamwambia hiyo sasa ni yako, nenda nayo kabisa usiirudishe. Chooni kwangu pana maji na karatasi yake, lakini ikiisha kabla binti hajapita kukagua, ndipo mtu anaponyakua ya mezani.

Nami naongeza la vumbi. Upepo wa Dodoma wa kuanzia mwezi wa saba mnaujua. Mgahawa wangu uko wazi upande wa barabara. Roli niliyoiweka asubuhi, ikifika saa nane mchana tabaka la juu limeshabadilika rangi, na ikianguka inajikunjua mpaka mlangoni.

Kaka yangu wa Kondoa, zile pembetatu ndani ya glasi umenikumbusha mbali. Hata sisi tulifanya hivyo kwenye harusi. Nadhani tuliacha kwa sababu ya haraka tu.

Afisa Afya mstaafu

Mama, nimekagua migahawa na mama lishe wa mkoa huu kwa sehemu kubwa ya maisha yangu, Kongwa, Mpwapwa mpaka mjini. Naomba nikutoe kidogo kwenye karatasi.

Zamani tulikuwa tunapambana na vitu viwili. Cha kwanza ni beseni moja watu wote wanatumbukiza mikono, wa mwisho ananawa uchafu wa wenzake. Cha pili ni taulo moja lililotundikwa ukutani, bichi tangu asubuhi, kila mtu analijia. Kipindupindu kinapoingia mahali, vitu kama hivyo vinakisaidia kusambaa. Tukawahimiza watu watumie maji tiririka na sabuni, na badala ya taulo la wote, kila mtu apate karatasi yake ya kutupa. Kwa hiyo roli unayoiona mezani ilikuwa hatua mbele. Sitaki mtu ailaumu akarudisha taulo.

Lakini karatasi haisafishi mkono. Mafuta inayasogeza tu, na mlenda ndiyo kabisa. Ninachokiogopa ni mgahawa ambao mgao wa maji ukianza, ndoo inakauka, mteja anaonyeshwa roli kana kwamba ni mbadala wa kunawa. Hapo hata ungeweka sevieti za hariri, tumbo litamuuma mtu. Pia mkono ubaki mkavu baada ya kunawa, maana mkono mbichi unabeba na kuacha vijidudu kwa urahisi kuliko mkavu. Karatasi kazi yake ni hiyo: kukausha. Ikae mahali pakavu pamefunikwa, mtu aguse kipande anachokichukua tu. Na wahudumu waache kufutia meza kwa roli ile ile ya mteja, hilo nimelikemea sana.

Muuza vifaa, Majengo

Nauza vifaa vya hoteli na migahawa hapa sokoni Majengo, acha niseme kuhusu mali yenyewe.

Karatasi ya chooni inatengenezwa isambaratike ikilowa, ili isizibe mabomba. Sevieti nzuri inatiwa dawa kiwandani ili ivumilie unyevu. Ndiyo sababu mteja akitoka kunawa akashika roli, vidole vinabaki na vipande vyeupe, halafu anakamata ugali. Yaani roli ya chooni mezani inafanya kazi ambayo haikutengenezewa. Hata historia yake inasema hivyo. Mmarekani Joseph Gayetty alianza kuuza karatasi maalumu za msalani mwaka 1857, zikiwa bapa kwenye pakiti. Mwenzake Seth Wheeler akapata hataza, yaani haki ya mvumbuzi, ya roli yenye vitobo vya kukatia mwaka 1891. Kwa wenzetu hao roli ilizaliwa chooni na haijawahi kutoka, sisi imetufikia dukani ikiwa imepangwa karibu na sabuni na majani ya chai.

Kuna kitu cha katikati ambacho wenye migahawa wengi hawakiulizii: roli za jikoni. Ni pana, nene, zinafyonza mafuta na hazikatikikatiki. Mgeni wa Ulaya ukimwekea hiyo kwenye nyama choma hashtuki, kwao nayo iko jikoni. Bei iko juu kuliko ya kawaida, sikufichi, ila mtu anatumia kipande kimoja pale ambapo angevuta dhiraa nzima ya ile laini.

Nilisoma Seoul

Mama, hilo lako si la Dodoma peke yake. Nilipokuwa Korea Kusini nilikuta vimigahawa vidogo vyenye roli kama yako mezani, na wageni wa Magharibi wakishangaa vile vile. Thailand utakutana na karatasi nyembamba za rangi ya waridi kwenye vibanda vya supu. Japani wao wanakupa kitaulo kibichi, kimekunjwa, unajifuta mikono kabla ya kula.

Lililonivutia zaidi ni la Indonesia, ambako watu wengi wanatumia maji chooni kama Kondoa. Pale roli wanaitoa ile bomba ya katikati, wanaitumbukiza kwenye kopo la plastiki lenye mfuniko, na mfuniko una tundu. Unavuta karatasi kutoka katikati ya roli, inapanda kupitia tunduni. Roli yenyewe huioni wala huishiki.

Mama wa Makole

Nimesoma yote, nimemsomea na binti yangu tukiwa tunachambua mchicha wa kesho. Mungu awabariki kwa muda wenu.

Hilo la kopo la Indonesia ndilo limenikaa. Linamaliza la vumbi, linamaliza la vidole vya watu kumi, na mtu hawezi kulibeba kwenda nalo msalani bila kila mtu kumwona. Mgeni wa Ulaya naye anaona kopo lenye karatasi, basi. Ninayo makopo ya siagi ya kilo moja, yale mapana yenye mfuniko. Nimejaribu usiku huu na moja: tundu nimelitoboa kwa msumari wa moto, nikalisugua kingo. La kwanza lilikuwa dogo, karatasi ikakatika. Nimelipanua kiasi cha kuingia vidole viwili, sasa inatoka vizuri.

Siku za mbuzi nitaweka za jikoni. Pembetatu kwenye glasi nazirudisha Jumapili, familia zinapokuja kutoka kanisani, na binti amesema atazikunja yeye.

Afisa afya, shikamoo baba. La maji nimelisikia. Nina pipa moja la akiba, wiki hii naongeza la pili, na sabuni haitapungua hata tukinunua maji kwa madumu. Chooni nitatundika roli kwenye waya iliyofungwa, na binti atapita kila saa.

Wale wageni kijana amesema wanataka kurudi Ijumaa, mama yule ameulizia mlenda. Nitamnawisha mwenyewe.

Muuza vifaa, hizo roli za jikoni unazo kesho? Niambie duka liko upande gani wa soko, nije kabla ya saa tatu. Saa nne nabandika sufuria.