Tupeane uzoefu: antivairasi gani mmeiweka kwenye kompyuta ya nyumbani, na ilikuwaje?

Mzee wa Chanika

Wakuu habari za jioni. Nina laptopu moja ya nyumbani, Windows 10, RAM GB 4. Tunaitumia watu watano: mimi na hesabu za duka la vifaa vya ujenzi, mama watoto na oda zake za keki, na wanangu watatu ambao sijui hata wanafanya nini humo. Fundi aliyenipigia Windows mwaka juzi aliniambia "mzee hii iko poa, kila kitu kimo". Sikuuliza kimo nini.

Juzi kaja mdogo wangu, kaniambia natembea uchi mtandaoni, ninunue antivairasi. Duka la kwanza wakanitajia moja. Duka la pili wakaiponda ile ya kwanza wakanitajia yao. Nimerudi nyumbani na kichwa kinauma.

Sitaki matangazo. Nataka mtu aseme niliweka hiki, kikanifanyia hiki. Hata kama ulipigwa, sema ulivyopigwa.

Mama Stationeri

Mzee wangu karibu. Nina stationeri karibu na geti la chuo hapa Morogoro, mwaka wa tisa sasa. Siku ya kawaida napokea flashi kama thelathini, siku za kukabidhi ripoti hata sizihesabu. Anayetaka kuona virusi kwa macho aje akae na mimi wiki moja.

Ugonjwa wetu mkubwa ni ule wa shotikati. Mwanafunzi anachomeka flashi, folda zote zina kamshale kadogo pembeni, na kila moja ina ukubwa wa KB 1 au 2. Kuna binti alikaa chini pale kizingitini kabisa, ripoti ya mwaka mzima, kesho yake anawasilisha. Nikamwambia mwanangu nyamaza, kazi yako ipo, imefichwa tu. Virusi vile huwa havifuti. Vinaificha folda yako ya kweli, vinaweka kisanamu chenye jina lilelile, na ukikibofya folda inafunguka kama kawaida huku vyenyewe vinaingia kwenye kompyuta. Nikafungua lile dirisha jeusi la amri, flashi yake ilikuwa imesoma G, nikaandika:

attrib -h -r -s /s /d G:\*.*

Nikabonyeza Enter, ikafikiri kidogo, folda zikarudi moja moja. Alinikumbatia mbele ya wateja. Baada ya hapo nikafuta vile visanamu, nikaiskani flashi nzima, ndipo nikaprinti.

Antivairasi nilianza na Avast ya bure, wa zamani mnaikumbuka ilivyokuwa inatangaza kwa sauti ya kike kwamba imesasishwa, hadi wateja wanageuka. Nikaja kununua ya kulipia. Toka 2019 natumia hiyohiyo Defender inayokuja na Windows na sijajuta. Ila kompyuta ya kuprintia haina akaunti yangu yoyote, wala barua pepe wala benki. Na programu zangu za kuweka kwenye mashine nazibeba kwenye kadi ya SD, ile yenye kiswichi kidogo ubavuni. Nikikishusha kwenye kufuli, kwa kawaida kompyuta haiandiki kitu mle, ila si kinga kamili, maana kadi yenyewe haizuii, ni kisomaji ndicho kinachokitii kiswichi.

Kamera ya Tanga

Mzee umesema hata aliyepigwa aseme. Kaa vizuri.

2020 nilikuwa napiga picha za harusi, laptopu moja, diski moja ya nje ya kuhifadhia, na hiyo ya nje muda wote ilikuwa imechomekwa. Nikahitaji programu ya kusafishia picha. Bei yake kwa mwezi nikaona utani, nikatafuta kraki, yaani ile iliyovunjwa itumike bila kulipia. Nikaipata, ndani yake kuna kikaratasi cha maelekezo, hatua ya kwanza imeandikwa: zima antivairasi. Mimi na akili zangu timamu nikaizima. Antivairasi yenyewe ilikuwa ya kulipia, bado ina miezi saba.

Nikabofya. Hakikutokea kitu. Nikabofya tena. Nikaenda kula. Narudi, picha zote zimefungwa hazifunguki, zimebadilika jina, kila faili imeongezewa herufi nne mwishoni, na kila folda ina faili moja jipya linaitwa _readme.txt. Nikalisoma nimesimama. Dola 980, ukiwahi ndani ya saa 72 ni dola 490. Punguzo kama la sokoni. Harusi tatu zilikuwa humo, mojawapo bibi harusi alikuwa hajaona hata picha moja.

Baadaye ndiyo nikajifunza kwamba jamii hiyo ya virusi inaitwa STOP au Djvu, na chakula chake kikuu ni watu wa kraki kama mimi. Sikulipa, kwanza hela ya kulipa nilikuwa sina. Kilichoniokoa sasa mtacheka: bando lilikata. Nilipomaliza kupakua ile kraki bando likaisha, kwa hiyo nilipobofya sikuwa na intaneti. Virusi hivi vikipata mtandao vinachukua kutoka kwa wenyewe ufunguo wa kufungia mafaili, wa kwako peke yako, na hapo umekwisha. Vikikosa mtandao vinatumia ufunguo wa akiba ambao vimekuja nao, na huo ni mmoja kwa watu wengi. Kwenye ile barua namba yangu ilikuwa inaishia na t1, ndiyo alama ya ufunguo wa akiba. Kampuni ya Emsisoft ilishatoa kifaa cha bure cha kufungulia. Nikakijaribu, kikaniambia ufunguo wa toleo lako bado haujapatikana. Nikawa nakirudia kila baada ya wiki kadhaa kama mtu anayekagua mtego. Mwezi wa tano kikafungua.

Bibi harusi wakati huo alikuwa na mimba ya miezi sita. Picha alizipokea, salamu hakunijibu.

Kijana wa Mbagala

Mimi niliweka tatu kwa pamoja ili zisaidiane. RAM GB 2. Kompyuta iliwaka saa mbili asubuhi, saa tatu ikawa bado inawaka.

Kamera ya Tanga

@Kijana wa Mbagala zilikuwa zinakamatana zenyewe kwa zenyewe hizo 😂

Mama Zuhura, Likoni

Hamjambo nyote. Mimi niko Mombasa, mume wangu yuko Doha, kompyuta ni ya watoto kusomea. Siku moja pembeni kule chini kukaanza kutokea maandishi mekundu, "virusi 5 vimepatikana, bonyeza hapa". Kila dakika kumi. Nikaenda nikanunua antivairasi ya boksi kwa duka moja hapa mjini, nikaiweka, ikaskani saa nzima, ikasema safi. Dakika kumi, maandishi yale tena. Nikadhani hii ni mbovu, nikanunua ya pili! Nayo ikasema safi.

Kumbe hata hazikuwa virusi. Mwanangu alikuwa ameingia mahali pa kutazama mpira wa bure, pakamuuliza ruhusu arifa, akaruhusu. Yale yalikuwa matangazo ya kivinjari yamevaa nguo za antivairasi. Mpwa wangu aliingia kwa mipangilio ya Chrome, sehemu ya arifa, akakuta orodha ya tovuti sita za ajabuajabu, akaziondoa. Hata chai haikuwa imepoa. Pesa za maboksi mawili sikumwambia baba yao hadi leo.

Nahodha wa Pemba

Mie hapa kwetu mtandao ni wa kubahatisha, kompyuta ya nyumbani yakaa hata mwezi haijaonja intaneti. Nilinunua leseni ya boksi dukani, nafika nyumbani nakwangua namba, yaniambia imeshatumika. Narudi, muuzaji aniapia. Basi nikaachana nayo. Sasa hiyo Defender yajisasishaje kama intaneti hamna?

Fundi Mkimya

Nahodha, Microsoft wana faili moja linaitwa mpam-fe.exe, lipo kwenye tovuti yao wenyewe. Ni zaidi ya MB 100. Ukienda mjini lipakue kwenye flashi, rudi nalo, libofye mara mbili, subiri. Halikuonyeshi dirisha lolote, usidhani limegoma. Usilichukue kokote kwingine zaidi ya kwao.

Sasa Mzee wa Chanika. Mimi ni fundi, miaka kumi na mbili, na siuzi leseni za mtu. Defender kama antivairasi kamili imo ndani ya Windows toka Windows 8, mwaka 2012. Miaka ya mwanzo ilidharauliwa na ilistahili, kwenye vipimo vya AV-TEST kule Ujerumani ilikuwa inaburuza mkia. Siku hizi inaingia kwenye meza moja na za kulipia. Kwa nyumba yako inatosha. Ukitaka ya kulipia, Bitdefender na ESET nimezifunga kwa wateja wengi, na ESET huwa nyepesi kwa mashine za RAM ndogo. Faida yake naiona zaidi kwa mwenye watoto, maana kuna za kudhibiti wanachofungua. Ukiweka nyingine, Defender inakaa pembeni yenyewe. Msifanye ya kijana wa Mbagala.

Za bure ziangalieni mara mbili. Januari 2020 ilibainika Avast walikuwa wanauza historia ya kuperuzi ya watumiaji wao kupitia kampuni yao tanzu, Jumpshot. Wakaifunga. 2024 serikali ya Marekani ikawatoza dola milioni 16.5. Sisemi leo bado wanafanya, nasema mlinzi asiyelipwa muulize anakula nini.

Na Kaspersky, antivairasi ya Warusi, najua inapendwa sana huku. Marekani waliipiga marufuku 2024, na Septemba mwaka huo wateja wa kule wakakuta imejiondoa na antivairasi nyingine, UltraAV, imekaa mahali pake, wengine hawakuwa wamesoma taarifa. Sisi marufuku hiyo haituhusu na kazi yake ni nzuri. Uamuzi ni wako.

Kinachonisumbua kwako ni Windows 10. Msaada wake uliisha 14 Oktoba 2025. Kuna nyongeza ya mwaka mmoja hadi Oktoba 2026, unajiandikisha kwenye mipangilio ya masasisho. Defender yenyewe wameahidi kuilisha taarifa za virusi hadi 2028, lakini matundu ya Windows ni kitu kingine. Wale WannaCry, virusi vya kufunga mafaili na kudai hela, wa 12 Mei 2017 waliingia kwenye tundu ambalo kiraka chake kilishatoka 14 Machi, miezi miwili nyuma. Aliyeweka kiraka alilala. Asiyeweka, hata antivairasi nyingi siku ile hazikufua dafu.

Kabla hujanunua chochote nifanyie kitu kimoja. Kuna maandishi ya majaribio yanaitwa EICAR, herufi 68, hayana madhara yoyote, yametungwa ili kila antivairasi iyashike kwa makusudi. Yatafute, yanakili kwenye Notepad, yahifadhi juu ya meza ya kompyuta. Ukiona imepiga kelele, mlinzi yuko macho. Njoo uniambie.

Mzee wa Chanika

Fundi nimerudi. Nimehifadhi kama ulivyosema, kwa jina la mtihani. Kimya. Nimelifunga, nimelifungua, kimya. Binti yangu wa kidato cha pili amekaa pembeni anacheka. Ila Defender ukiifungua ina tiki ya kijani, inasema hakuna tatizo. Sasa nani mwongo?

Fundi Mkimya

Ndiyo niliyokuwa naiogopa. Fungua Windows Security, ingia kwenye ulinzi wa virusi, shuka kwenye kusimamia mipangilio, nenda chini kabisa kuna neno "Exclusions". Hiyo ni orodha ya vitu alivyoambiwa asivikague. Ifungue unitajie kilichomo.

Mzee wa Chanika

Kuna mstari mmoja tu.

C:\

Mama Stationeri

Ee Mungu wangu.

Kamera ya Tanga

Yaani mlinzi kapewa rungu, sare na kiti, akaambiwa nyumba nzima usiiangalie.

Fundi Mkimya

Mzee, uondoe huo mstari sasa hivi. Kisha skani nzima, halafu ile ya "Offline", kompyuta itazima na kuwaka yenyewe, kama dakika kumi na tano, usiiguse. Kama kuna nywila za benki zimeshawahi kuandikwa humo, zibadilishe kwa kutumia simu, siyo kwa laptopu hiyo.

Mzee wa Chanika

Mstari nimeuondoa. Sekunde haikupita, ile faili ya mtihani imetoweka na kidirisha kimetokea. Skani imemaliza: vitu vinne. Vitatu vimo kwenye folda ya michezo ya mwanangu wa mwisho, cha nne kimo kwenye kile kitu cha kuwashia Office.

Nimempigia fundi wangu wa mwaka juzi. Anasema, "Mzee, nisingeizima Office ingekusumbua."

Mama Stationeri

Na hiyo Office mlilipia?

Mzee wa Chanika

Nilimlipa yeye elfu ishirini.