MJADALA: Mfugaji wa nguruwe watano kule Vietnam, utafiti umsaidie abaki au umsaidie aondoke?

Bwana Mifugo, Njombe (mwanzisha mada)

Wakuu, salaam kwenu. Mada yangu iko Vietnam, lakini mnyama tunamjua na ugonjwa tunaujua, kwa hiyo naomba msipite bila kuchangia.

Februari 2019 Homa ya Nguruwe ya Afrika ilithibitishwa Vietnam. Mwaka ulipokwisha, nguruwe wapatao milioni 6 walikuwa wamekufa au wameuawa na kuzikwa kwa amri ya serikali. Kaya zenye nguruwe watatu, watano, kumi ndizo zilizolia zaidi. Tangu hapo kuna hoja inayorudiwa sana: utafiti wa umma uache kuhangaika na kaya hizi, fedha ziende kwenye mashamba makubwa yenye uzio, geti na daktari wake, na mfugaji mdogo atafutiwe shughuli nyingine. Wengine wanajibu kwamba kampuni kubwa zina watafiti wao tayari, na kama utafiti wa umma haumtazami mdogo, hakuna mwingine atakayemtazama. Mimi nasimama na hawa wa pili.

Nilisoma Hanoi miaka miwili. Tulipelekwa mafunzo milimani, mkoa wa Son La, tukafikia kwenye nyumba ya mama mmoja mwenye nguruwe wanne weusi, wadogo wa mwili, wale wa kienyeji wanaoitwa Bản. Anaamka kungali giza. Anakatakata shina la mgomba juu ya gogo kwa panga jembamba mpaka linalegea kama chicha, anachanganya na pumba ya mpunga na mahindi yaliyoparazwa, kisha anainjika sufuria ambayo mtoto anaweza kuogea ndani yake. Jiko lote moshi. Nguruwe wanaujua mlio wa mwiko ukigonga ukingo wa sufuria, na hapo kelele zinaanza. Nilimuuliza, kwa mkalimani, wanamwingizia kiasi gani kwa mwezi. Akaniambia hawahesabu kwa mwezi. Yule mkubwa ni wa Tet, mwaka mpya wao. Anayemfuata ni ada ya shule. Wa tatu amewekwa kwa ajili ya ugonjwa, mtu akilazwa. Wa nne ni jike wa kuzaa, huyo hauzwi.

Wataalamu tunaandika "uzalishaji duni" kwenye ripoti kwa sababu nguruwe wa namna hii anakaa mwaka mzima ndipo auzwe. Lakini kwa yule mama nguruwe ni akiba, na akiba hukaa mpaka siku ya shida.

Sasa tazameni utafiti ulioanzia kwenye kazi za mikono ya watu kama yeye. Kaskazini mwa Laos wanawake walikuwa wakitumia saa kadhaa kila siku kuzunguka porini kukata majani ya nguruwe, na kadiri pori lilivyokatwa ndivyo walivyokwenda mbali zaidi. Watafiti wa CIAT, kituo cha kimataifa cha utafiti wa kilimo cha nchi za joto, pamoja na mabwana mifugo wa Laos, walileta mmea wa jamii ya kunde uitwao stailo, ukapandwa nyuma ya nyumba. Wanawake wakaanza kukata hapo hapo, mbichi, wakawapa nguruwe. Safari za porini zikapungua na nguruwe wakakua haraka zaidi, kwa kuwa stailo ina protini ambayo majani ya porini hayakuwa nayo ya kutosha. Kilichohitajika ni mbegu, jembe, na mtaalamu aliyekubali kwanza kumfuata mama porini aone anafanya nini.

Na chanjo ya kideri je? Wanasayansi wa Australia walijaribu kwanza Malaysia, miaka ya 1980, chanjo inayovumilia joto ambayo kuku wa kijijini anaweza kupewa ndani ya chakula. Baadaye wakaandaa aina ya I-2, na mbegu yake, yaani kirusi cha kuanzia kutengenezea chanjo, wakaigawa bila malipo kwa nchi zilizotaka kutengeneza zenyewe. Vietnam wakatengeneza. Na sisi Tanzania tukatengeneza, kwanza Temeke, sasa Kibaha. Lile tone moja la jichoni ambalo wengi wenu mmewahi kumtia kuku kwa mkono wenu limetoka kwenye utafiti uleule uliopita Malaysia na Vietnam. Kwa hiyo mtu akiniambia utafiti kwa mfugaji mdogo ni fedha iliyotupwa, namwelekeza kwenye banda la kuku la nyumba yoyote hapa kijijini.

Karibuni.

Mchumi wa Kiambu

Asante Bwana Mifugo, umeandika kwa moyo, nami nitakujibu kwa moyo.

Unampenda huyu mama, lakini hutaki kumwambia ukweli. Kirusi cha homa hii kinakaa kwenye nyama mbichi, kwenye soseji, kwenye makombo ya hoteli. Mwenye nguruwe watano hana pesa ya kununua chakula cha mfuko kila wiki, kwa hiyo analisha makombo. Mmoja akikataa kula, anampigia mchuuzi simu usiku huohuo ili asipate hasara, na mchuuzi anakwenda na uchafu ule mpaka tarafa ya pili. Simlaumu. Angekuwa mama yangu ningemshauri vivyo hivyo. Lakini mtindo huo unaangamiza nguruwe wa jirani zake wote.

Serikali ya Vietnam yenyewe ilishaamua. Sheria ya mifugo waliyoipitisha 2018 inakataza kufuga kwenye maeneo ya ndani ya miji, na waliokuwa humo walipewa mpaka mwanzoni mwa 2025 wahame au waache. Na vijana wao wanakwenda viwandani Bac Ninh na Thai Nguyen, wanaunganisha simu, wanapata mshahara kila mwezi. Unataka binti wa yule mama arithi lile panga la kukatia migomba? Kwa nini utafiti wa umma usigharamie njia ya kutoka?

Daktari wa Mazizi, Morogoro

Naomba niweke mambo sawa upande wa ugonjwa na chanjo, maana hapo ndipo fedha nyingi zinakwenda sasa.

Homa hii ni ya kwetu. Iliandikwa kwa mara ya kwanza kutoka Kenya, 1921, baada ya nguruwe wa walowezi kufa kwa wingi. Ngiri anakaa nacho kirusi hiki bila kuumwa, papasi wa kwenye mashimo yake anakihamisha. Mwaka 2007 kilifika bandari ya Poti, Georgia, na inadhaniwa kilishuka na mabaki ya chakula ya meli. Ni kundi la pili kati ya makundi ya kijeni ya kirusi hiki, lilelile lililokuwa likizunguka Msumbiji, Madagaska na Zambia, na ambalo lilionekana Kyela 2010. Kutoka Georgia kikasambaa, Agosti 2018 China, miezi sita baadaye Vietnam, na kabla ya 2019 kwisha kilikuwa Kambodia, Laos, Myanmar, Ufilipino, Timor-Leste na Indonesia.

Chanjo ya kirusi kilichouawa haijawahi kufaa kwa ugonjwa huu. Iliyobaki ni ya kirusi hai kilichopunguzwa makali kwa kuondolewa jeni. Wanasayansi wa wizara ya kilimo ya Marekani walitengeneza kimoja cha namna hiyo, na kampuni ya NAVETCO ya Vietnam ikapata kibali Juni 2022. Agosti, miezi miwili tu baadaye, matumizi yakasimamishwa kwa sababu mamia ya nguruwe waliochanjwa walikufa kwenye mikoa ya kati, Phu Yen ukiwa mmojawapo. Maelezo ya serikali yalikuwa kwamba chanjo ilitumiwa nje ya masharti. Julai 2023 chanjo hiyo na nyingine ya AVAC, kampuni nyingine ya Vietnam, zikaruhusiwa nchi nzima. Ufilipino wakaanza na hiyo ya AVAC huko Lobo, Batangas, mwishoni mwa Agosti 2024.

Ndugu Mchumi, angalia masharti yenyewe. Chanjo hizi mwanzoni ziliidhinishwa kwa nguruwe wa kunenepesha wenye afya tu. Jike mwenye mimba hakuwamo. Shamba la nguruwe elfu tatu wa kunenepesha linaingia moja kwa moja. Yule mama wa Son La, nguruwe asiyekubali kumpoteza ndiye hasa aliyeachwa nje. Na sidhani kuna aliyekaa akapanga kumwacha. Swali lililoulizwa maabara lilikuwa la mwenye wengi, jibu nalo likatoka la mwenye wengi.

Jambo jingine linanikosesha usingizi. Kaskazini mwa Vietnam kumepatikana kirusi mchanganyiko, kundi la kwanza na la pili limeungana ndani ya mnyama mmoja, na inahofiwa kwamba chanjo hizi hazimkingi nguruwe vya kutosha dhidi yake. Na msifikiri tutaagiza chupa kutoka Hanoi na kumaliza. Kenya na Uganda wanasumbuliwa zaidi na kundi la tisa, ndiyo maana ILRI, taasisi ya kimataifa ya utafiti wa mifugo, pale Nairobi wanafanya kazi ya chanjo yao kwa kirusi cha huku.

Mkulima wa Mbozi

Shikamoo Bwana Mifugo, shikamoo Daktari. Mimi si msomi lakini nina nguruwe.

Ugonjwa ulipofika kijiji cha jirani nilimwaga chokaa mlangoni, nikafunga banda, hata mume wangu nilimkataza kuingia na viatu vya shamba. Mchinjaji akaja na pikipiki, amevaa gamboti zilezile alizotoka nazo kuchinja walioumwa. Mimi nilikuwa kanisani. Mtoto akamfungulia, akaingia kuwakagua. Siku ya saba jike akalala, masikio yamegeuka zambarau, hasimami. Niliokuwa nao walikuwa kumi na mmoja, alibaki mmoja tu. Nikaenda ofisi moja kuuliza, nikaambiwa niandike barua. Niliandika. Mpaka leo.

Mchumi anasema tusaidiwe tuondoke. Tuende wapi? Huku hakuna kiwanda cha simu. Kahawa ikishauzwa, kinachobaki mpaka msimu mwingine ni nguruwe. Naomba kuuliza: hao wa Vietnam, mchinjaji na mwenye dume wanawazuiaje? Kwetu dume linaazimwa, linatembea banda kwa banda.

Bwana Mifugo, Njombe

Marahaba dada yangu, na pole sana. Swali lako ndilo la maana kuliko yote niliyoleta mimi.

Dume: Vietnam wafugaji wengi, hata wa jike mmoja, hawaazimi tena. Mbegu zinakuja kwenye kichupa, zimeletwa kwa pikipiki kutoka kwenye kituo, na mfugaji mwenyewe au jirani aliyefundishwa anapandisha. Jike anapata mimba ya dume mzuri, wala hakuna kwato ngeni iliyokanyaga banda. Ujuzi huu upo siku nyingi, tatizo lipo kwenye kuufikisha kijijini.

Mchinjaji: hapo hata wao hawajafika mbali. Lakini ILRI, ambao wana ofisi Hanoi, walifanya jambo nililolipenda. Kwenye machinjio madogo nguruwe walikuwa wakipasuliwa sakafuni, damu na kinyesi pamoja. Badala ya kupendekeza yafungwe, watafiti walijaribu pamoja na wachinjaji wavu wa chuma wa kuinua mzoga juu ya sakafu, na kwa mama wauza nyama sokoni, meza yenye uso laini unaofutika. Waliwahesabu wachinjaji kuwa watu wanaoweza kubadilika. Naamini gamboti za yule aliyeingia bandani kwako zingeweza kufanyiwa utafiti wa namna hiyo: ndoo ya dawa anayobeba yeye mwenyewe kwenye pikipiki, na mteja mwenye haki ya kumkatalia bila ndoo.

Sasa kwako Ndugu Mchumi. La makombo nakubali, tena bila kusitasita. Yasipochemshwa vizuri, ni hatari, na mfugaji mdogo lazima aambiwe hivyo na bwana mifugo wake kabla ya kuambiwa na polisi. La binti pia nakubali, akitaka kwenda kiwandani aende. Lakini mnyonge mnyongeni, haki yake mpeni. Mashamba makubwa ya China na Vietnam nayo yaliingiwa na homa hii, uzio na geti vikiwepo. Na kaya zilipomalizika, nyama ilipanda bei mpaka serikali ya Vietnam ikaruhusu nguruwe hai kuagizwa Thailand, Juni 2020. Waliovuna bei ile ni waliokuwa na mtaji wa kurudisha nguruwe bandani. Ufilipino nako, nguruwe wote ndani ya kilomita moja ya ugonjwa waliuawa, wazima na wagonjwa, fidia peso 5,000 kwa kichwa. Mwenye watano anapokea fedha, mazizi ya jirani yote matupu, na mwaka mmoja baadaye fedha imeliwa. Huyo unasema ameondoka mwenyewe. Mimi nasema ameondolewa, na utafiti uliomwacha jike wake nje ya chanjo umechangia.

Ninachodai si kikubwa. Chanjo ijaribiwe kwa jike mzazi wa kijijini mapema, siyo mwisho. Ije kwenye chupa ndogo, au ipangwe siku moja ya kijiji kizima kama tunavyofanya kwa kideri, chupa moja ikagawanywa na kaya kumi. Na fedha inayokwenda maabara, sehemu yake imlipe mtu wa kukaa bandani na wafugaji mwaka mzima.

Mchumi wa Kiambu

Hilo la jike mzazi nimelichukua, sikuwa nalijua. Bado nasema mwenye makombo atatuangusha wote. Lakini ningependa kuona hesabu ya gharama: kumkinga mwenye watano dhidi ya kumlipa fidia kila miaka mitatu. Daktari, una hesabu hiyo?

Daktari wa Mazizi, Morogoro

Nitarudi na hesabu ya banda halisi, siyo ya kitabu. Mkulima wa Mbozi akiruhusu, nianze na lake: chokaa, mlango wenye kufuli, dawa ya kukanyagia, gamboti jozi mbili za kubaki bandani.

Mkulima wa Mbozi

Nimeruhusu. Chokaa nilinunua mifuko miwili, bei nitaitafuta kwenye daftari. Na hilo la mbegu za kichupa naomba msiliache. Yule mmoja aliyebaki ni jike, ameshakua, na mwenye dume ameanza kupita tena mtaani kwetu.