Vizimba vya samaki Ziwa Victoria: tuongeze tu, au kwanza tujue ghuba inabeba vingapi?

Mdau wa Luchelele

Wakuu salaam. Naomba tuliongelee hili swala la vizimba, yale mabwawa ya nyavu yanayoelea ziwani ya kufugia samaki, kwa utulivu maana kila nikisoma naona watu wamegawanyika pande mbili tu, kuna wa "vizimba ni ajira viongezwe" na kuna wa "vizimba vinaua ziwa ving'olewe", mimi siko kote huko na nitaeleza kwanini.

Hali ilivyo ni hii. Januari 2024 Rais Samia alikuja hapa Mwanza akagawa boti za kisasa na vizimba zaidi ya 200 kwa wavuvi na vikundi kwa mkopo nafuu, na mpango ni kuongeza. Wenzetu Kenya walitutangulia mbali, kufikia 2020 watafiti walishahesabu vizimba zaidi ya 4,000 upande wao, na kumbuka Kenya ina asilimia 6 tu ya ziwa lote wakati sisi tuna kama 51 na Uganda 43. Uganda nao wako Jinja miaka mingi. Na sababu inaeleweka, sangara amepungua, sato (tilapia) wa ziwani kawa bei, watu wanaongezeka. Hata dunia nzima imeelekea huko, FAO, shirika la chakula la Umoja wa Mataifa, walisema mwaka 2022 kwa mara ya kwanza samaki na viumbe wengine wa majini waliofugwa walizidi waliovuliwa. Kwaiyo anayesema ufugaji usimame namwelewa uchungu wake ila hatupi jibu watu watakula nini.

Sasa twende kwenye hesabu ambayo mtu yeyote aliyefuga anaweza kuikagua. Kupata tani moja ya sato unalisha tani moja na nusu mpaka mbili za chakula. Tuchukue 1.6. Chakula cha kukuzia kina protini kama asilimia 30, na protini ina naitrojeni asilimia 16, kwaiyo kwenye huo mzigo una naitrojeni kama kilo 77. Samaki ukiwavua wanaondoka na kilo 25 hivi. Zile kilo 50 zilizobaki ziko majini, nyingine zimetoka kwenye mashavu ya samaki kama amonia, nyingine ni kinyesi na chakula kilichozama bila kuliwa. Fosforasi nayo hivyo hivyo, zaidi ya nusu inabaki ziwani. Shamba la tani 1,000 kwa mwaka maana yake tani 50 za naitrojeni, yaani mbolea, unaimwaga sehemu moja.

Mbolea ikiingia majini inaotesha mwani, ule ukijani tunaouona ghubani maji yakitulia. Mwani unakufa unazama unaoza, na kuoza kunakula oksijeni ya chini. Siku upepo mkali ukigeuza maji yale ya chini yasiyo na hewa yanapanda juu, samaki wa ziwani anakimbia lakini wa kizimbani hana pa kukimbilia. Na ziwa hili lilishaanza kukosa pumzi hata kabla ya vizimba kuwa vingi. Mnakumbuka mwisho wa 2020 kuingia Januari 2021 sangara wakubwa walielea wamekufa upande wa Uganda, serikali yao ikasema ni oksijeni kushuka baada ya dhoruba.

Hoja yangu sasa. Kila mradi ukija unafanyiwa tathmini ya athari kwa mazingira kivyake, anaangaliwa mwekezaji mmoja, kina cha maji pale pale alipo, anapata cheti. Anakuja wa pili anaangaliwa kivyake, wa tatu hivyo hivyo. Ni kama nyumba ya kupanga, kila mpangaji unamkagua chumbani kwake unamkuta msafi, ila hakuna aliyeuliza choo kile kimoja kinahudumia vyumba vingapi. Ghuba ya Mwanza ni nyembamba na ndefu, maji yake hayabadilishani haraka na ziwa kubwa, na jiji zima linakunywa humo humo, Capripoint na kile chanzo kipya cha Butimba. Mimi nasema kabla ya kugawa vizimba vingine iwekwe idadi ya mwisho kwa kila ghuba, kwa tani, itangazwe, ikifika imefika. Karibuni tujadili.

Mfugaji_Ilemela

Mkuu umeandika vizuri ila umeanza na mtu asiyestahili kuwa wa kwanza. Mimi nina vizimba, chakula ndo kinakula zaidi ya nusu ya gharama zangu, unadhani kuna mfugaji anataka chakula kizame? Kila punje inayozama ni hela yangu. Tunatumia chakula cha kuelea, tunalisha kwa kuangalia, samaki wakiacha kupanda tunaacha kurusha.

Halafu tuwe wakweli. Mto Mirongo unapita katikati ya jiji na kila kitu unakimwaga ziwani, nani ameupigia hesabu ya kilo? Mashamba ya pembezoni, ng'ombe, viwanda. Na watafiti walishasema sehemu kubwa ya fosforasi inayoingia Victoria haiji hata na mito, inadondoka kutoka angani, vumbi na moshi wa watu wanaochoma mashamba na misitu. Sasa vizimba kwenye ziwa la kilomita za mraba karibu 69,000 ni nini? Mtamtoa kijana aliyeacha kuvua kwa kokoro, ule wavu haramu wa kukokota, akaanza kufuga, afu aende wapi, arudi kwenye kokoro? Mimi naona huu mjadala ukifika kwa wakubwa kitakachotokea ni vibali kuwa vigumu zaidi kwa mdogo na mwenye mtaji mkubwa atapita tu.

Nyar_Homabay

Habari zenu majirani. Mimi niko huku Homa Bay na nataka niwaambie tulipofika msije mkafika bila kujua. Mwisho wa 2022 samaki walikufa kwenye cages (vizimba) pande za Kisumu na kwingine, wakubwa kabisa wa kuuzwa, mtu anaamka asubuhi anapata maji yamejaa tumbo nyeupe. KMFRI, taasisi yetu ya utafiti wa samaki Kenya, wakapima wakasema oxygen ilikuwa chini sana. Watu walikuwa na loan. Sacco haiulizi kama oxygen ilishuka.

Na shida yetu ni ile ile Mdau anasema. Winam Gulf, ghuba yetu ya huku Kenya, haina kina, wastani haifiki mita 10, na watafiti walipata cages nyingi sana ziko karibu na ufuo, ndani ya mita 200, mahali omena (dagaa) na ngege (tilapia) huzalia. Kwa nini ziko hapo? Kwa sababu mtu mdogo hana boti ya injini ya kwenda mbali kila siku kulisha, na mbali cage itaibiwa. Hivyo anaweka mahali anaiona akiwa nyumbani. Sio ubaya wake, lakini wote tukifanya hivyo gulf inajaa pembeni.

Mwenye anasema ziwa ni kubwa aje aone Mbita. Miaka ya 80 walijenga ile causeway, tuta la barabara, ya kuunganisha kisiwa cha Rusinga, maji yakakosa njia ya kupita, mpaka miaka hii ya juzi ndio wakaweka daraja maji yapite. Tuta moja tu! Maji ya gulf hayatembei vile watu wa ofisini wanafikiria.

Kuhusu kusema watu wafuge kwa mabwawa, sisi tulijaribu. 2009 serikali ilichimba mabwawa 200 kila constituency, constituency 140. Mengi leo ni ya vyura. Chakula kilikuwa bei, soko hakuna. Kwa hivyo cages sio tamaa, cages ndizo zilifanya kazi, na ndio maana nataka zifanywe vizuri.

Mzee wa Ukara

Wanangu, nimesoma wote. Mimi nimevua tangu tukitumia makila (nyavu) ya pamba. Naomba kusema mawili matatu ambayo kwenye vipimo vyenu sijayaona.

La kwanza, kizimba kikishawekwa pale pana mwenyewe. Ukipita na mtumbwi usiku unaitwa mwizi. Sasa samaki wa ziwani nao wanakwenda pale pale, wanafuata kile chakula kinachotoka, furu (wale samaki wadogo wa asili), dagaa, na sangara anawafuata wao. Kwahiyo samaki wapo kwenye vizimba na sisi haturuhusiwi kusogea. Eneo tulilokuwa tunatega zamani halipo, na hakuna aliyekuja mwaloni, pale tunaposhushia samaki, kutuuliza, BMU (kikundi cha kusimamia uvuvi mwaloni) wamepewa barua tu kwamba mradi unakuja.

La pili, mnamwita sato samaki wa ziwa. Huyu aliletwa miaka ya hamsini, kama sangara alivyoletwa miaka hiyo hiyo ya hamsini kuingia sitini. Samaki wetu walikuwa ngege na mbiru, jamii za sato za asili ya hapa, na furu wa kila aina. Mtoto wangu hajawahi kumwona mbiru. Wataalamu wa wakati ule nao walikuwa na hesabu zao na walisema ni kwa faida ya wananchi, na pesa ya minofu kweli ilikuja, viwanda vikajengwa, lakini furu waliisha miaka ya themanini na hakuna aliyeulizwa. Basi leo mkisema vizimba ni salama mimi nauliza, nani atakuja kuulizwa?

Mdau wa Luchelele

Shikamoo mzee. Hilo la kwanza naomba liwe sehemu ya hoja yangu kabisa, ukomo wa ghuba uhesabu pia eneo la kutegea linalopotea, sio kilo za mbolea tu.

Muuza dagaa Kirumba

Mnaongelea kinachotoka kwenye kizimba ila kinachoingia je? Chakula cha samaki kina dagaa. Dagaa huyu huyu anayekaushwa mwaloni, ambaye ndo mboga ya mtu wa hali ya chini kuanzia hapa mpaka Congo, sehemu kubwa siku hizi inaenda viwanda vya chakula cha kuku na samaki. Wanunuzi wa viwanda wakija wanabeba jumla, sie wa mafungu tunabaki na bei juu. Unachukua samaki wa elfu moja wa maskini unamlisha samaki wa elfu kumi na mbili. Na dagaa akivuliwa kupita kiasi sangara naye anakosa chakula. Mimi sio msomi lakini hii siioni kama ni kuokoa ziwa.

Kijana_Busega

Na zile homoni za kufanya vifaranga wawe madume wote? Nasikia watu wanaogopa kula.

Mfugaji_Ilemela

@Kijana hizo zinawekwa kwenye chakula cha kifaranga wiki tatu nne za mwanzo tu akiwa kituo cha kuzalishia, mpaka afike sokoni miezi imepita. Cha kuangaliwa ni maji ya hicho kituo yanamwagwa wapi, hapo nakubali hakuna anayefuatilia.

Dada wa Kirumba kasema kweli. Sisi wenyewe tunataka chakula kisichotegemea dagaa, soya, funza, chochote, kikiwa bei nzuri tutanunua kesho.

Mdau wa Luchelele

Nirudi kwa Mfugaji kuhusu fosforasi ya angani, maana ni hoja nzito. Ni kweli kwa ziwa zima, sipingi. Ila vumbi la angani linatawanyika ziwa lote, la kizimba linashuka pale pale chini yake, kwenye ghuba, mwezi baada ya mwezi. Ndo maana nasisitiza ghuba. Na Mirongo kuwa mchafu ni sababu ya kuweka vizimba vichache zaidi karibu na mdomo wake, maana huwezi kuongeza mzigo mahali palipokwisha kuelemewa ukasema wa kwanza ndo mwenye kosa.

Pili, hii sio hofu ya wanamazingira tu, anayepata hasara wa kwanza ni mfugaji mwenyewe. Ghana, Ziwa Volta, walijaza vizimba vya sato, 2018 kikaingia kirusi kinaitwa ISKNV, mashamba yakapoteza samaki kwa tani na tani maana yalikuwa yamebanana na maji ni yale yale. Na huku kwetu kirusi kingine cha sato, TiLV, watafiti walishakipata kwenye sampuli za Ziwa Victoria, matokeo yakachapishwa hiyo hiyo 2018. Hakijaleta maafa, lakini kipo.

Tatu, kuna walioweza kuweka ukomo wa eneo. Norway, ambao samoni ni uchumi wao, tangu 2017 wamegawa pwani yao maeneo 13, kila miaka miwili eneo linapewa rangi kama za taa za barabarani kutokana na chawa wa samoni wanavyodhuru samaki wa porini. Kijani unaruhusiwa kuongeza asilimia 6, nyekundu unaweza kuamriwa kupunguza asilimia 6, hata kama shamba lako wewe binafsi ni safi. Wafugaji wamelalamika sana mpaka mahakamani, na mfumo una kasoro zake. Ila kipimo kinaanzia kwenye maji, na matokeo yanatangazwa hadharani.

Hilo la kutangaza ndo naliona gumu kwetu kuliko kupima. TAFIRI, taasisi yetu ya utafiti wa uvuvi, wana wataalamu, KMFRI wapo, LVFO, shirika la uvuvi la Ziwa Victoria lenye makao Jinja, linaunganisha nchi zote tatu. Lakini kumbukeni Mto Mara Machi 2022, maji yaligeuka meusi samaki wakafa, kamati ikasema ni kinyesi cha mifugo na mimea iliyooza imemaliza oksijeni, nchi nzima ikabishana. Inawezekana kabisa kamati ilikuwa sahihi, kitaalamu hicho kitu kinatokea. Watu hawakuamini kwa sababu hawakuwa wamewahi kuonyeshwa kipimo hata kimoja cha oksijeni kabla ya siku ile. Ingekuwa kila mwezi kwenye mwalo panabandikwa namba ya oksijeni ya juu na ya chini, mvuvi angeisoma kama anavyosoma bei ya sangara.

@Nyar_Homabay wewe ndo umenifungua zaidi. Kama mdogo anaweka kizimba ufukweni kwa sababu hana injini na anaogopa wizi, basi kumwambia ahamie kwenye kina ni kumfukuza. Kwaiyo naongeza kwenye hoja: mkopo wa kizimba uje na nanga na minyororo ya maji marefu, boti moja ya kulisha ya kikundi, na mlinzi wa pamoja anayelipwa kutoka kwenye makato ya mauzo. Walio na mikopo tayari wasing'olewe, wapewe misimu miwili ya kuhama na ratiba ya marejesho isogezwe kufuatana na hiyo. Na huko watakapohamia wazee wa mialo wakae mezani kabla ramani haijachorwa, waonyeshe wapi wanategea na wapi samaki wanazalia.

Mfugaji, kwa masharti hayo wewe ungekubali ukomo wa ghuba?

Mfugaji_Ilemela

Kwa masharti hayo ndio, tena nitakuja na daftari langu la chakula miaka yote mpige hesabu ya kilo kwa namba za kweli. Ila mwekezaji mkubwa naye alete lake.